Kosa la Goreti

Dada Mwajuma mpenzi,

Hujambo na joto la Kigoma? La Bujumbura linanichoma, na samaki mgebuka hapa wanamwita mukeke, mtamu kupita kiasi.

Unamkumbuka Goreti, tuliyesoma naye fizikia? Amepata nafasi ya kusoma Ulaya. Sikufichi, wivu umenikaba. Jana nilikuwa kwao Musaga, bunduki zikisikika milimani, akanipa andiko lake nilipitie. Linaeleza jinsi watu wawili wanavyogawana chembe pacha za mwanga ili wapate ufunguo wa siri wa kufungia ujumbe wao. Aliandika kwamba majibu ya vipimo vyao yakifanana, ufunguo uko salama. Si kweli! Hata nakala mbili za barua hufanana, na mwizi anaweza kuwa na ya tatu. Lazima kila mmoja abadilishe vipimo kwa kubahatisha, waone kama majibu yanalingana zaidi kuliko mapatano yoyote ya awali yanavyoweza kuyalinganisha. Hapo ndipo watajua mwizi hana nakala.

Nililiona kosa, nikafurahi. Nikamwambia, "Andiko liko sawa."

Akanisindikiza hadi barabarani. "Mi niliogopa kuonyesha mutu mwingine," akasema. "We ndiye ulikuwa unatushinda wote."

Aibu ikanishika. Nikamweleza, tukarudi ndani, tukaandika upya kurasa tatu.

Jina langu ameliweka kwenye shukrani. Mimi nililitaka kwenye tiketi ya ndege.

Niombee moyo mweupe, dada, na unibusie watoto.

Nduguyo akupendaye,
Idi