Mchungwa Unaozaa Malimau

Mchungwa wetu unazaa malimau.

Aurélie na Grâce, mama yenu amenuna, na ana haki. Asubuhi nilimkatia mama mkwe wangu tunda la kwanza, yeye aliyetoka Yanonge kulionja. Alikunja uso hadi macho yakapotea. Nikamgeukia mama yenu: "Ni maji yako ya sabuni unayoumwagia mti huu!"

Jirani Hamadi akaja, akainama shinani, akacheka. "Papa Aurélie, huu ni mchungwa uliopandikizwa juu ya mlimau. Nani alikata mchungwa?"

Mimi, mwaka jana. Niliuona mwembamba, nikaacha tawi nene la chini, lenye miiba.

Bon. Nimeenda Simi-Simi kutafuta mche mwingine. ~~Ung'oeni huu.~~ Uacheni, mama mkwe anataka malimau ya samaki. Chimbeni shimo upande wa jua, mbali na choo. Mche mpya ukichipua chini ya kovu la kupandikizia, Grâce ndiye atakayekata chipukizi hilo. Mimi nifichieni panga.

Mwambieni mama yenu sabuni haina kosa.

Hasara: miaka mitatu, magunia sita ya mavi ya mbuzi, na chai yangu, ambayo mama yenu alimpa Hamadi.

Papa