Bonge Apimwa Macho

3 Machi
Dada,
Hatujambo, sijui wewe na mgongo wako. Mwanetu Bonge ana miezi sita na hajawahi kunitazama usoni. Nikimwimbia anacheka, nikinyamaza ni kama sipo. Mama anasema kwetu watoto huchelewa. Wewe kupima macho ndiyo kazi yako, niambie: anaona au haoni?
Mdogo wako

11 Machi
Mdogo wangu,
Mgongo unavumilika. Swali lako sitalijibu kwa kubahatisha. Mtoto mchanga hasomi herufi za ukutani, kwa hiyo tunauuliza ubongo wake. Nitambandika nyaya tatu kichwani, haziumi, atazame skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayopokezana. Macho yakipeleka habari, ubongo unajibu na mashine inachora mawimbi. Mlete akiwa ameshiba, hasinzii, na kichwa kimeoshwa bila mafuta.
Wako, dada

2 Aprili
Dada,
Tumefika salama. Samahani kwa ile aibu. Mama alimpaka mafuta tukiwa mlangoni kabisa, eti mjukuu wake haendi kwa shangazi amepauka! Ndiyo maana nyaya ziliteleza ukatufukuza. Sasa Mama anatamba nyumba nzima: mawimbi hayakuonekana kwa sababu ya mafuta yake, mtoto anaona vizuri tu. Wifi yako kaanza tena kupata usingizi usiku. Hata mimi namwamini Mama, nataka sana kumwamini. Wiki ijayo tunarudi, kichwa kikavu.
Mdogo wako

21 Aprili
Mdogo wangu,
Natumaini nyote wazima. Siku mliporudi sikuwapa majibu kwa kuwa daktari alikuwa hajayasoma. Sasa amesoma.
Kichwa nilikiosha mwenyewe, nyaya zikashika barabara. Ubongo haukujibu. Tukapima jicho lenyewe kwa mwanga, kipimo kisichohusu kichwa kabisa. Nalo halikujibu, la kulia wala la kushoto. Bonge haoni, na daktari anasema dawa hana. Mwambie Mama mafuta yake hayakumdhuru mtoto.
Mimi sijambo. Hapana, nimelia.
Dada yako

9 Mei
Dada,
Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Mama nimemwambia, akaenda kukaa na Bonge chumbani mpaka jioni. Wifi yako anauliza mtoto kama huyu anafundishwaje kutambaa. Nilikukasirikia, Dada, utafikiri ni wewe uliyemfanya hivyo. Imepita. Njoo utuonyeshe. Njoo kama shangazi yake, hatuna tena cha kupimwa.
Mdogo wako