Kwa Nini Sikusikika Hewani

Glenwood, Durban

Kaka Shija,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa barazani, mguu umepungua kuuma, na Mama bado anakugombeza kwa kuchelewa kula kama vile ungali kijana wa jeshi. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Espérance anakohoa kidogo kwa baridi, lakini sauti ya kunikaripia haijapungua hata chembe.

Najua umenitafuta. Jumapili baada ya Jumapili umewasha redio saa kumi alasiri ya kwenu, umegonga nukta na vistari vya Morse kuniita, na hukujibiwa. Labda umeanza kumwandaa Mama kwa habari mbaya. Acha! Sikukamatwa wala sikuugua. Nilikuwa vitani, na vita yenyewe siwezi kukusimulia hewani, kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha sheria zetu: hewani hatusemi siasa, hatusemi dini, hatutukani jirani. Karatasi haina sheria hiyo. Kwa hiyo vaa miwani.

Unaikumbuka redio ya kijani ya kubebwa mgongoni, ile niliyoinunua kwa mjane wa mtaa wa Sydenham. Ulinilaumu. Ulisema chuma hicho kilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la makaburu, kuwasaka vijana tuliokuwa tukiwapa hifadhi nchini kwetu. Nikakujibu, na leo narudia: ndiyo sababu hasa niliinunua! Wako watu hapa wanaokusanya vifaa hivi na kuvipanga kabatini. Wanavipangusa vumbi na kuvisimulia kwa huzuni, kama vile kuna mtu aliyewapora enzi zao. Nimewaambia usoni kwamba mimi sikusanyi makumbusho. Redio iliyoundwa kuwinda watu, mimi naitumia kumuuliza kaka yangu kama mahindi yamekauka. Nionesheni ushindi mkubwa kuliko huo. Mpaka sasa hakuna aliyenionesha.

Basi, kelele. Zilianza ghafla, mkwaruzo kama wa mafuta yanayokaangwa, kila siku alasiri mpaka watu wanapolala. Zilinizibia sauti yako kabisa. Zikamsumbua na Gogo Dlamini, bibi tunayepakana naye ukuta wa jikoni, ambaye kila alasiri husikiliza mahubiri kwenye redio yake ya zamani. Gogo akalalamika kwa mwenyekiti wa kamati ya jengo, Bwana Pillay. Huyu ni mstaafu, mtu wa mashati yaliyonyooshwa, anayebandika matangazo hata kuhusu namna ya kufunga mlango. Akabandika jipya: antena ya Bwana Masanja, ule waya wangu unaopanda hadi paani, isitumike tena, na Jumamosi wakazi wapige kura kama ing'olewe.

Nikazima kila kitu. Kelele zikaendelea. Wakasema nawasha kwa siri! Mmoja akaandika kwenye kundi la simu la jengo: "Mgeni mwenye vifaa vya jeshi, anamsikiliza nani?" Kaka, unanijua. Nilimjibu aya kwa aya, nikaanza na historia ya redio, nikapitia mipaka waliyoichora wakoloni, nikamalizia na yeye binafsi.

Espérance akachungulia begani kwangu, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Masanja, unaandika kitabu? Watu iko wanapika, hakuna atasoma. Iko siku watatutupa inje na ile machuma yako."

Alikuwa na hofu ya kweli, na mimi pia, ingawa sikumwambia. Waya ule ukishuka, nitabaki na simu, na wewe kwenye simu unasema "ndiyo, sawa, salama" halafu unakata. Kwenye Morse ndiko unakozungumza. Habari ya ugonjwa wa Mama uliniambia kwa Morse.

Nikarudi Sydenham. Mjane alikuwa na kifaa kimoja zaidi cha marehemu mumewe: kipokezi cha boti ya doria, kikiwa na pete kubwa ya antena juu yake. Unaijua kazi yake kuliko mimi. Unaizungusha pete taratibu, na pale sauti inapofifia kabisa, sindano inakuonesha mstari wa kule inakotoka. Nilikibeba mikononi kama mtoto mchanga, nikakiweka kwenye roshani yetu, nikaizungusha pete. Mkwaruzo ukapungua, ukapungua, ukafa. Nikafuata sindano kwa jicho. Ilivuka ua wa jengo ikaishia kwenye dirisha la nani? La mwenyekiti! Na chini ya dirisha hilo, inveta yake mpya ya umeme wa jua inang'aa kama sufuria ya harusi.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaandika kwenye kundi, nikachora na mchoro. Sitakurudia niliyoyaandika kuhusu viongozi wanaobandika matangazo ukutani huku uchafu uko chumbani kwao.

Jumamosi alasiri wakazi wakakusanyika uani, wote isipokuwa Gogo. Nilishusha kifaa, nikasimama kando yake, nikahutubia. Bwana Pillay akanisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akauliza kwa upole uliotaka kuniua:

"Bwana Masanja, ulipima kutoka wapi?"

"Kwenye roshani yangu."

"Na wapi tena?"

Nikaitazama tena roshani.

"Pete hiyo haijui mbele na nyuma," akasema. "Niliizungusha miaka yangu yote ya ujana, nilikuwa mwendesha redio kwenye meli za mizigo. Inatoa mstari tu. Upande umeuchagua wewe."

Kaka, nisamehe. Ulinifundisha hilo hilo pale nyumbani Tabora, kwa redio ndogo ya betri na chaki sakafuni: simama mahali pawili, mistari ikatane. Nilikuwa najua! Ila nilipoliona dirisha lake, sikuona haja ya mahali pa pili.

"Haya," nikamwambia, "pima wewe." Akakunja mikono ya shati, tukabeba kifaa hadi getini, watu wote nyuma yetu. Aliizungusha pete kwa vidole viwili, macho amefumba. Na vidole vile, Kaka, vilikuwa vya fundi. Tukachora mstari wa pili juu ya mchoro wangu. Haukugusa dirisha lake hata kidogo. Ulikata mstari wangu upande wa nyuma, kwenye jiko letu.

"Ni kwetu!" Espérance akashika kichwa. "Nilisema! Sasa tutalala wapi?"

Nilipanda ngazi mbiombio, nikazima swichi kuu ya umeme wa nyumba yetu, nikapiga kelele kutoka roshani: "Bado inakwaruza?"

"Bado!" wakajibu kutoka chini.

Basi ilibaki nyumba moja tu, ile ya ng'ambo ya ukuta wa jiko letu. Gogo Dlamini alitufungulia mlango huku amekasirika. "Hawu, mntanami, mwanangu, kwangu? Si mimi niliyelalamika?"

Tukaingia. Redio yake ilikuwa kabatini, na juu ya redio, imechomekwa ukutani, taa ya dharura ya kuchaji, ile ya bei rahisi ya wakati wa mgao wa umeme. Niliitambua kabla Bwana Pillay hajainyooshea kidole. Nilimpa mimi, siku chache tu kabla kelele hazijaanza.

"Kila alasiri nikiwasha redio naichomeka," Gogo akasema. "Uliniambia isikae hata siku moja bila chaji. Nimekutii."

Bwana Pillay akaichomoa. Mkwaruzo ukakatika, na mhubiri akatokea katikati ya neno, sauti safi kama yuko sebuleni. Watu kwenye korido walicheka mpaka Gogo mwenyewe akacheka. Nimempa taa nyingine, ya askari, ya betri za kawaida, isiyochomekwa popote.

Jioni hiyo niliomba radhi kwenye kundi. Espérance alisimama nyuma yangu: "Fupi, Masanja. Fupi!" Iliandikwa kwa mistari miwili. Wa kwanza ulisema nimekosea upande, Bwana Pillay anisamehe. Wa pili ulisema kwamba aliyeandika kuhusu mgeni naye anadaiwa radhi, nami naisubiri. Bwana Pillay alinijibu mbele ya wote kwamba mistari yote miwili ni sahihi. Kura ilikuwa imeshapigwa uani tuliposhuka kutoka kwa Gogo, na mkono wa kwanza kuinuka kutetea antena ulikuwa wake. Waya wetu haushuki!

Nisalimie Mama, mwambie taa za kuchaji asiziweke karibu na redio. Nisalimie shemeji Nyamizi, mpishi wako mvumilivu, na shangazi Kabula wa duka la vitenge, na mjomba Maganga fundi baiskeli, aliyeniapia kwamba redio zile zitaniletea kesi. Mwambie alikaribia kupatia.

Sasa sikiliza vizuri. Jumapili washa saa ile ile. Nitaanza mimi, utanitambua. Halafu utasikia mkono usioujua, mzito, wa kizamani, unaoacha nafasi ndefu kati ya maneno kama mtu anayegonga huku sakafu inayumba. Leseni yake ya redio anailipia mpaka leo, ila tangu aliposhuka melini hakupata mtu wa kugonga naye. Kwa kura yake aliomba kitu kimoja tu, kiti kando ya redio yangu. Mjibu polepole, Kaka, na umwite kwa heshima. Ni adui yangu.

Mdogo wako anayekupenda,
Masanja