Mama Kabula wa Runzewe

Mwanangu Kabula,

Najua umefika kwenye ba be bi bo bu, kwa hiyo barua hii itakusubiri. Siku utakapoweza kuisoma bila kuweka kidole chini ya maneno, utaamua mwenyewe kama utanijibu au utanyamaza. Vyovyote utakavyofanya sitakulaumu. Niko Dodoma, ofisini, na wenzangu wameshuka kwenda kula. Mimi nimebaki kwa sababu asubuhi karani mpya ameniuliza swali dogo tu, la heshima kabisa, na tangu hapo chakula hakipiti.

Nianze na lile ambalo pengine wameshakuambia: nilikuzaa mimi. Ilikuwa Ushirombo, mvua imeshika tangu alfajiri, ndiyo maana ukaitwa Kabula. Baba yako alitangulia kwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo yao, na huko akachimbua mke mwingine. Hilo tuliache, halina faida kwako wala kwangu. Tukabaki watatu kwenye nyumba ya kupanga pale Runzewe: mimi mwalimu mkuu, wewe, na mdogo wangu Nyamizi, aliyekuwa akishona nguo barazani.

Nyamizi alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe kule Tinde, baada ya kungoja mimba miaka mingi bila kuiona. Mume hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu kwamba mama yake anataka wajukuu, akampandisha basi pamoja na cherehani yake. Wateja walimwita fundi, au Nyamizi. Unajua kwetu, mwanamke mtu mzima kuitwa kwa jina lake tupu ni kama kwenda msibani bila kanga: hakuna atakayekufukuza, lakini kila mtu ameona. Mimi nilikuwa Mama Kabula na sikuwahi kufikiri kwamba jina lile ni mali.

Ukaja ule ufadhili wa kimataifa wa viongozi wa elimu. Miaka miwili Uskoti, kusoma sera ya elimu, na baadaye ukaongezeka wa tatu. Ulikuwa na miaka mitatu. Napenda kusema nilitaka kukataa, lakini nikijikagua vizuri sina hakika. Nilichofanya ni kukaa jikoni na uso wa huzuni mpaka Nyamizi aniambie niende.

"Dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Nenda. Huyu nitabaki naye. Kwani atakula cherehani?"

Siku ya safari tulifanya wanavyofanya watu wetu wote: mtoto hutorokwa. Ulipelekwa kwa jirani kuona vifaranga, mimi nikatokea mlango wa nyuma na begi langu, ndani yake kifuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alichonifungia mama yako mdogo. Wanasema mtoto asipouona mgongo wa mama yake halii. Baadaye Nyamizi aliniambia kwamba ulilia, tena sana. Ulizunguka chumba hadi chumba na kifaranga mkononi, unanitafuta unionyeshe. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na bado nakiona kile kifaranga.

Kule niliitwa Esta. Profesa aliniita Esta, vijana wa maktaba waliniita Esta, na mwanzoni nilikuwa nageuka kumtafuta huyo Esta ni nani. Kisha nikazoea. Nikukirie jambo lingine, nilipenda. Nilipenda kulala bila mtu kunikanyaga mbavu, nikapenda kusoma hadi nishibe. Michembe ile nilikuwa naitafuna mmoja mmoja, dirishani, nikiitazama mvua yao isiyojua kunyesha ikaisha.

Utafiti wangu ulihusu nafasi ya mzazi katika miaka ya kwanza ya shule. Usicheke. Januari ya mwaka ule wa tatu nilisimama mbele ya walimu wakuu na maafisa elimu wa nchi mbalimbali, nikasema kwamba siku ya kwanza ya shule mtoto anahitaji kuona mlangoni uso anaoujua. Walipiga makofi. Nilipowasha simu nikakuta picha yako. Sketi ya bluu aliyoishona Nyamizi, soksi zimepanda mpaka magotini, umebana midomo kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Na nyuma yako, mlangoni mwa darasa la kwanza, ulikuwepo uso unaoujua. Nikaandika "hongera mwanangu", nikaweka na alama ya moyo, nikaenda kula na wenzangu.

Nilirudi mwezi wa nane. Basi la kutoka Kahama liliponishusha stendi ya Runzewe, kabla sijashika mizigo yangu, mwanamke akaita kwa nguvu: "Mama Kabula!"

"Abee!" nikaitika. Niliitika kwa sauti iliyokaa miaka mitatu bila kazi. Nikageuka na tabasamu langu lote. Muuza nyanya hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Nyamizi, aliyekuwa anakuja mbio kunipokea.

"Aa, samahani mwalimu, shikamoo," akasema muuza nyanya. "Nilikuwa namuuliza Mama Kabula, gauni langu limeisha?"

Nyamizi aliangalia chini. "Ni watu tu, dada. Wameanza wenyewe. Nimewakataza mpaka nimechoka."

Nikamwambia haina neno. Mdomo una kazi zake.

Nyumbani ulikuwa umekaa barazani unapanga vipande vya vitambaa. Ulisimama, ukapiga goti kidogo ulivyofundishwa, ukasema, "Shikamoo mama mkubwa."

"We Kabula!" Nyamizi akashtuka. "Huyu ndiye mama! Si yule wa kwenye simu?"

Ukamtazama yeye, ukanitazama mimi, taratibu kabisa. "Najua. Si ni dada yako? Si ni mkubwa wako?"

Mama ni yule anayekuogesha, na dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. Ulikuwa umeuweka ukoo wetu sawasawa na mimi nikawa sina mahali pengine pa kukaa. Nikasema, "Marahaba, mwanangu," nikajifanya natafuta zawadi kwenye begi, nikatafuta kwa muda mrefu kuliko zawadi zenyewe.

Nilikuwa nimeshapangiwa ofisi hii ya Dodoma. Nilikuwa nimekuja kukuchukua. Shule nimeshaipata, ya Kiingereza, na sanduku lako dogo jekundu nimelinunua kule kule Uskoti. Nyamizi hakusema hata neno moja la kupinga, na ingekuwa afadhali angepinga. Asubuhi ya safari alipiga pasi nguo zako zote. Akanionyesha sketi ya shule, akaigeuza ndani. "Hapa nimeacha pindo refu, dada. Kila Januari fumua kidogo, ushushe. Usihangaike kununua nyingine mpaka awe darasa la nne."

"Nyamizi," nikasema.

"Mtoto ni wako. Mimi nilikuwa nakushikia tu." Akaanza kukunja soksi.

Nje mteja akaita, "Mama Kabula! Upo?"

Nyamizi hakuitika. Mteja akaita tena. Mdogo wangu akainua kichwa na kunitazama, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita kwenye shamba la mwenzake. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo na mtu wa damu yangu, na niliona aibu ambayo hata kifaranga hakikuwahi kunipa. Mimi nina majina mengi: mwalimu, afisa, Esta. Yeye analo hilo moja, tena amelipata kwa kukesha na homa zako.

"Itika, mdogo wangu," nikamwambia. "Unaitwa."

"Abee," akaitika, kwa sauti ndogo.

Tukazitoa nguo zako sandukuni. Safari hii sikukutoroka. Ulinisindikiza mpaka stendi, umeshika mkono wake, ukanipungia basi lilipoondoka. Uliuona mgongo wangu vizuri kabisa, Kabula, na hukulia.

Watu wamesema. Wa Ushirombo wamesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba mimi huo uchungu niliuacha Ulaya. Wengine wakasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nimezichukua methali zote mbili, na zote zinanipiga mimi. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema, kwa sababu nalijua peke yangu. Nililia ndani ya basi, ndiyo. Ila kabla hatujafika Kahama nilijikuta nawaza mkutano wa Jumatatu, na moyo ukawa mwepesi. Ulikuwa mwepesi, mwanangu. Kwa hiyo sijui kama nilimwachia Nyamizi kwa kumpenda, na kwa kukupenda wewe, au kwa kuwa mikono yangu imeshazoea kuwa mitupu. Ukikua, ukapata jibu, unaweza kunificha.

Nitakuja likizo ya Desemba. Nitakuja na kila likizo, na safari hizo sitaziita fadhila. Ukitaka kuniuliza lolote uliza, hata mbele za watu. Na siku ukitaka kuja kukaa nami, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, sanduku jekundu liko juu ya kabati.

Sasa lile swali la asubuhi. Karani mpya ni binti wa watu mwenye adabu; ameona si vizuri kumwita mtu mzima kwa jina lake. Akasimama mlangoni, akauliza, "Shikamoo. Samahani, tukuite Mama nani?"

Jina lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Niite Esta," nikamwambia. "Esta tu inatosha."

Msalimie mama yako. Mwambie pindo la sketi nimelikumbuka, nikija nitalishusha mimi.

Ni mimi,
mama yako mkubwa.