Seli Zisizosikia

4 Februari

Mdogo wangu,

"Kinga ya mtoto imelala, inahitaji kuamshwa." Ndivyo alivyokuambia yule muuza dawa wa sokoni, nawe ukanunua chupa yake. Hali nitakujulia baadaye. Kwanza nimalizane na huyo bwana.

Kinga ya Kijino haijalala hata kidogo. Mtu akipata maambukizi, seli nyeupe huamka, huzaana kwa mamilioni, hupigana. Vita vikiisha, zilizopigana zinapaswa kujiua zenyewe. Hiyo ndiyo afya. Za mwanao hazisikii amri hiyo. Zimejazana kwenye tezi na wengu, na nyingine zimegeukia damu yake mwenyewe. Kuziongezea nguvu ni kuwagawia walevi visu. Mwaga hiyo chupa!

Haya, hujambo? Mgongo na cherehani vinaelewana? Jino la mbele limeota, au mpwa wangu bado anapiga mluzi akiongea?

Kaka yako wa maabara

19 Februari

Shikamoo kaka,

Sisi wazima, ila mgongo unanung'unika kama wewe. Heri tuandikiane, kwenye simu hatumalizi dakika mbili bila kugombana.

Chupa nimeimwaga. Kijino nimemsomea barua yako, akasema, "Mama, mwambie mjomba aziombe vizuri. Anazifokea mno, ndiyo maana hazisikii." Nimecheka hadi sindano ikanichoma.

Swali moja tu. Tezi za shingo zimenywea, sasa kola ya sare inafungika mpaka kifungo cha juu. Karatasi ya vidonge vya hospitali inasema vinapunguza kinga, na darasani kwao wote wana mafua. Niendelee kumpa, au nivipumzishe kidogo? Kliniki ni mwisho wa mwezi ujao. Usinicheke. Nijibu upesi.

Mdogo wako

20 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Nisamehe ukimya. Nilimwandika yule muuza dawa gazetini, akanijibu, nikamjibu, akarudia, nikammaliza. Nimekuwekea makala zote humu. Ya pili ndiyo kali.

Kuhusu swali lako: usiviache hata siku moja! Tezi zimenywea kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo. Ukivikatisha, seli zitairudia damu.

Mwambie Kijino nimeanza kuziomba.

Kaka yako

16 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu.

Barua yako imefika ulipokwisha kuondoka msibani. Ulilia kuliko sisi wote, nikashindwa kukuambia. Nilingoja jibu lako wiki mbili, kisha nikavipumzisha vidonge. Baada ya siku kumi aliamka macho ya manjano, mkojo rangi ya chai. Wodini walimwongezea damu mara tatu, na mara tatu mwili wake ukaiharibu.

Makala yako ya pili niliisoma pale pale, kwenye gazeti la mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilijivunia. Nikamwonyesha Kijino: "Huyu mjomba." Akaniuliza kama bado unafoka.

Mkono ulioviweka kando vidonge ni wangu, nitaishi nao. Lakini wewe, na wenzako wa maabara, na yule wa dirisha la dawa aliyenipa karatasi bila neno, nisikilizeni. Mama akiwauliza swali la mstari mmoja, mjibuni siku hiyo hiyo. Mabishano yenu yatawangoja.

Mama yake Kijino