Mchezo Ambao Baba Hakubali Kuuita Mpira

Jumapili jioni, Kasubi, Kampala.

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Si ile ya kupiga mabati kwa fujo na kwisha, ni hii ya kudondoka taratibu mpaka nguo zilizoanikwa juzi zinaanza kunuka. Nimefagia nyumba mara mbili. Nimepanga vyombo vilivyokuwa vimepangwa. Mume wangu, Wafula, aliniomba nikae chini, nikashindwa, naye akachukua mwavuli akaenda kibandani kuangalia timu yake ya Uingereza. Hawezi kukaa na mtu asiyetulia.

Naandika kwa sababu mikono imekosa kazi nyingine.

Jana usiku mdogo wangu Denis alikosa.

Kwa asiyetujua: Denis ndiye kitinda mimba wetu, na huu ni mwaka wa tatu yuko Marekani, chuo kidogo katika mji ambao Mama hajaweza kulitamka jina lake. Mama ni Mwislamu wa Arua, Baba ni Mkatoliki wa Kitgum. Walikubaliana wasichana wapewe majina na Mama, wavulana na Baba, ndiyo maana mimi ni Zaituni na yeye ni Denis. Katika kambi ya jeshi tulikokulia hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Kila mtu alitoka kwingine, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, ingawa Wafula, ambaye ni Mkenya, bado anazicheka ngeli zetu.

Baba aliingia jeshini baada ya vita vya themanini na sita, na kwa miaka mingi alikuwa kipa wa timu ya kikosi chake. Pale kwenye mlima wa Mbuya anakoishi na Mama, wazee wenzake bado wanamwita Kipa. Wakitaka kitu ndipo wanamwita Afande.

Kwa hiyo Denis alipopata ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira, Baba alitembea mlima ule akiwa amenyoosha shingo.

Mwaka wa kwanza ukaenda vizuri. Denis alitusimulia kwamba huko mpira wetu ni mchezo wa watoto, na hasa wa wasichana. Mama zao huwapeleka kwa magari, mechi ikiisha wanapewa machungwa yaliyokatwa, na wakikua wengi wanauacha kama mtu anavyoacha sare ya shule. Timu yake ilicheza mbele ya wazazi wachache na mbwa wao. Lakini chuo hichohicho, Jumamosi, mji mzima unafunga maduka kwenda kuangalia mchezo mwingine, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao mpira wake una umbo la papai.

Halafu goti likamharibikia. Daktari akasema mbio za dakika tisini zimekwisha. Siku moja alikuwa peke yake uwanjani akipiga mipira mirefu, kujipima tu, na kocha wa ule mchezo wa papai akapita akamwona. Ufadhili ukahamishwa. Kazi yake sasa ni kukaa benchi, kuitwa, kupiga mpira upite katikati ya milingoti miwili mirefu, kisha kurudi kukaa.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia Baba. Aliuliza swali moja tu, Denis anakimbia dakika ngapi. Nikamwambia hakimbii.

"Mtoto yangu alienda kucheza mpira," akasema. "Sasa wamemwandika kazi ya kupiga teke."

Tangu siku ile hakutaka kusikia. Nikijaribu kumweleza sheria, anaongeza sauti ya redio. Akidai kwamba mchezo wa kushika mpira kwa mikono si mpira, huwa nauma midomo nisicheke, maana yeye mwenyewe maisha yake yote ya uwanjani aliushika kwa mikono. Denis akipiga simu anaongea na Mama, na salamu za Baba zinapitia kwa Mama.

Jana mimi na Wafula tulitazama kwenye kompyuta. Kwao ilikuwa mchana, kwetu magharibi imeshaingia. Sijazoea bado. Wanacheza kidogo, wanasimama. Wanajadiliana. Matangazo yanakuja. Bendi inapiga. Watu wanakula muda wote, wanakula kama wako arusini, na mashabiki wa timu hizi mbili wamekaa mstari mmoja, rangi hii kando ya rangi ile, bila askari hata mmoja katikati.

Wafula alikuwa anasinzia. Muda ulipokaribia kwisha walikuwa sawa kwa pointi, naye akasema wagawane wakalale. Nikamwambia hawa hawagawani. Denis aliwahi kunisimulia kwamba mwenzake wa chumbani, kijana Mmarekani mwenye adabu sana, alimuuliza mnawezaje kukaa uwanjani mchana mzima, mwisho bila bila, halafu mnarudi nyumbani mkijisikiaje? Denis akaniuliza mimi, nami nikamuuliza Wafula. Wafula alifikiri, akasema: "Vibaya, lakini pamoja."

Wakamwita Denis.

Nilimjua kwa mwendo, hata ndani ya ile kofia. Mwenzake akaushikilia mpira chini. Denis akapiga hatua zake, akapiga. Mpira ukapanda vizuri kabisa, nikasimama, kisha ukaanza kujipinda, ukapita kushoto kwa mlingoti.

Muda mfupi baadaye wale wengine walipata pointi zao, ikawa imekwisha.

Nilimpigia, hakupokea. Nikamwandikia, hakujibu. Nikafanya kosa la kufungua ukurasa wa chuo chao. Wengine walimtetea, walisema ni mwanafunzi tu. Lakini mmoja aliandika arudishwe kwenye mchezo wa watoto, na wengi walikubaliana naye. Sisi tukifungwa tunamlaani refa, kocha, viongozi wa chama, nyasi, mvua. Lawama inagawanywa mpaka kila mtu anapata kipande. Kule ilikuwa na jina moja, na jina lenyewe ni la Baba, limeandikwa mgongoni.

Sikulala sawasawa.

Leo asubuhi nikapitia soko la Kalerwe kumnunulia Baba malakwang, ile mboga chachu ya kwetu kaskazini anayoipenda na karanga za kusaga, nikapanda boda kwenda Mbuya kwenye mvua hiyohiyo. Nilikuwa nimeapa simwambii. Mama alikuwa amekwenda kumwangalia jirani mgonjwa. Nikaingia jikoni, nikachambua mboga, nikatoka nje, nikarudi, nikaiangalia simu, nikaosha sufuria safi. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Zaituni," akasema, "mbona unazunguka kama askari wa zamu? Nini?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini. Nilisimama na majani mkononi nikamwambia yote.

Akanyoosha mkono nimpe simu. Nikamtafutia ile video, akaishika mbali na macho kama anavyoshika gazeti. Akaangalia mpira ukipita nje. Akaniambia nirudishe. Akaangalia tena. Mara ya tatu ndipo nikagundua kwamba haangalii mpira. Anangoja yale yanayofuata, pale Denis anapotembea kurudi benchi, anakaa mwisho kabisa, kofia kichwani, na wenzake wanampita.

"Hakuna hata mtu mmoja amemshika bega?"

Nikamwambia labda baadaye, labda kamera haikuonyesha.

"Hapana. Kipa nayo ni hivyo," akasema, akanirudishia simu.

Halafu akatoa simu yake mwenyewe, ile ya vitufe, akavaa miwani, akaniambia nimtajie namba ya Denis. Nilimwambia kule alfajiri haijapambazuka. Nilimwambia tangu jana hapokei simu ya mtu. Akasema nitaje.

Denis akapokea mara moja. Baba huweka sauti juu kwa sababu ya sikio lake la kushoto, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Denis hakusalimia.

"Baba, nani amekufa?"

Ndiyo maana alipokea. Baba hajawahi kumpigia.

"Hakuna mtu amekufa," Baba akasema. "Nataka unifundishe huu mchezo yako. Anza mwanzo. Pole pole."

Kisha Denis akaanza. Alieleza kama mtu anayesoma somo lililoandikwa ubaoni, kwamba wana nafasi nne za kusogea mbele, wakisogea vya kutosha wanapewa nyingine nne, na wakikwama ndipo anaitwa yeye. Baba alikuwa anamkatiza. Kwa nini teke moja lina pointi tatu? Huyo anayeshika mpira chini ni rafiki yako? Upepo ulikuwa unatoka wapi? Kidogo kidogo sauti ya Denis ikarudi kuwa ya Denis.

Baba akauliza kuhusu mashabiki, kama kweli wanakaa pamoja.

"Wanakaa pamoja, Baba."

"Na hawapigani?"

"Hawapigani. Wanakula."

Baba alicheka. Sijamsikia akicheka na Denis tangu uwanja wa ndege.

Halafu Denis akasema kwamba amechoka. Akasema jana alitoka uwanjani kupitia mlango wa nyuma, kwamba hata kwenye ibada ya leo anaogopa kwenda, kwamba hapa Kampala angekosa penalti angetukanwa mpaka Jumatatu, kisha mtu yuleyule aliyemtukana angemwita wakanywe chai. Kule wana adabu. Wanampita tu. Akasema, "Baba, nataka kurudi nyumbani."

Nilifurahi. Ni ukweli, na hapa ndipo mahali pa kuusema. Nilisimama jikoni nikiomba kimoyomoyo: mwambie arudi, Baba. Neno moja tu. Hiki chumba kimekaa bila yeye vya kutosha, Mama anazeeka, na wewe ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia akasikia.

Baba akavua miwani.

"Jumamosi watakuita tena?"

"Kocha anasema ataniita."

"Basi nitaangalia," Baba akasema. "Zaituni ataleta kompyuta. Lakini usiniambie ni mpira."

Denis akacheka, au akalia, kwa simu ile mtu hawezi kutofautisha. Salio likaisha.

Nilimkasirikia Baba. Nilimpakulia malakwang kimya kimya, naye akala kwa raha, akaniuliza kama karanga ni za Kalerwe, akaniambia nisisahau bando la kutosha, maana anataka kuona hata hayo matangazo. Hakugundua kitu, au aligundua akaniacha. Mama aliporudi alimkuta akichora nafasi nne kwenye vumbi la kibarazani, pale mvua isipofika.

Sasa Wafula amerudi. Timu yake imetoka sare, amelowa, na anaonekana kama mtu aliyepumzika vizuri. Nimemsimulia yote. Amesema Baba kafanya jambo kubwa. Najua kafanya jambo kubwa. Ndiyo sababu siwezi kukaa.

Denis hakusema atabaki. Hakusema atarudi, ingawa akikosa tena sidhani kama atabaki. Nimeandika ujumbe mara kadhaa nikaufuta, kwa sababu kila nikiusoma naona ninamvuta nyumbani.

Jumamosi nitabeba kompyuta mpaka Mbuya. Nitakaa katikati, Baba upande huu, Wafula upande ule, Mama nyuma na tasbihi yake. Watamwita Denis. Wao watatu wanajua watakachoomba.

Mpira ukishawekwa chini, mimi nitaomba uende wapi?