Karibu Kura

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Saboti tuko wazima. Babu yako anamalizia kuvuna mahindi, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa.

Unauliza utapamba aje nyumba yako Krismasi hii bila kuijaza vitu. Nilimwona mamangu akifanya hivyo kule Myanga, nikiwa msichana. Alikandika ukuta upya, akachomeka tawi moja la msaipresi juu ya mlango. Kisha akachovya kidole kwa majivu yaliyoloweshwa maji, akaandika ukutani: KARIBU KURA.

Mimi wa darasa la sita nilishikwa na aibu. "Mama, kura ni ya uchaguzi! Sisi tunaita watu kula." Nikachukua kitambaa nifute.

"Wacha," akasema. "Mwenye njaa ataisoma vizuri."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Si tumekuja kupiga kura, bana!" Wakaingia wote, na sufuria ya kuku ikabaki tupu. Nimeona taa nyingi za rangi tangu hapo, lakini ukuta wa kuita watu namna ile, bado.

Tafuta tawi lako moja, mama. Mimi nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na kila Krismasi ukutani bado naandika kwa R.

Kukhu wako